Kamera kifuani mwa askari wa parkingi: ilitoka wapi, na inamlinda nani?



Juzi pembeni ya soko nilikuta motari mmoja akibishana na askari. Askari anasema: "Umesimama pahali pamekatazwa." Motari anajibu: "Nilikuwa ninamshusha mama mgonjwa, mkubwa." Mama mwenyewe alikuwa ameshaenda. Nani ataonyesha ukweli? Hakuna. Siku hiyo, kama siku zote, aliyevaa sare ndiye aliyeaminiwa. Motari akalipa, bila karatasi yoyote mkononi.

Ugomvi wa namna hii una historia ndefu, na haukuanzia kwetu.

Mashine ya kwanza ya kulipisha parkingi iliwekwa katika mji wa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935. Wenye maduka walikuwa wanalalamika kwamba magari yanalala barabarani kutwa nzima, na wateja wanakosa nafasi. Mtu wa magazeti, Carl Magee, ndiye aliyeleta wazo la mashine inayokula senti 5 kwa saa. Huko London mashine hizo zilifika mwaka 1958.

Lakini mashine haiandiki faini. Septemba 1960 London ikatoa kundi lake la kwanza la askari wa parkingi, watu kama 40 hivi, na faini ilikuwa pauni 2. Sasa sikilizeni kilichotokea. Kati ya magari ya kwanza kabisa kupigwa faini, moja lilikuwa la daktari. Alikuwa ameliacha mbele ya hoteli, akakimbia ndani kumtibu mtu aliyeshikwa na ugonjwa wa moyo. Raia walikasirika sana, na mwishoni daktari akasamehewa.

Tuangalie hapo vizuri. Ile karatasi haikusema uongo: gari lilikuwa pale kweli. Ila haikueleza kwa nini. Daktari alipata watu wa kumsemea. Je, asiye na jina wala sauti angesamehewa?

Miaka ikapita. Sheria ya mwaka 1991 huko Uingereza ilianza kuitoa kazi ya parkingi mikononi mwa polisi na kuipa halmashauri za miji. Askari hawa wapya hawana bunduki, hawana mamlaka ya kumkamata mtu. Wana kalamu, na baadaye mashine ndogo ya kuchapa faini. Wakawa watu wa kutukanwa, kutemewa mate, hata kupigwa. Na raia nao walikuwa na malalamiko: askari ananidharau, askari ameandika saa isiyo ya kweli. Neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine, kama pale sokoni kwetu.

Polisi ndio waliotangulia kuvaa kamera. Mji wa Plymouth, Uingereza, uliijaribu mwaka 2005 na 2006. Baadaye, mwaka 2012, polisi wa mji mdogo wa Rialto, California, walianza jaribio la mwaka mzima kwa askari 54: zamu moja na kamera, zamu nyingine bila. Malalamiko ya raia yalishuka karibu asilimia 90 kuliko mwaka uliotangulia. Habari hiyo ikazunguka dunia. Halmashauri nyingi za Uingereza nazo zikawavalisha kamera askari wao wa parkingi.

Inafanya kazi namna gani? Inafungwa kifuani. Kwa kawaida hairekodi mazungumzo kutwa nzima: askari anaibonyeza mambo yanapoanza kuwa moto, na anapaswa kumwambia mtu kwamba anarekodiwa. Picha zisizo na kesi zinafutwa baada ya muda. Na aliyerekodiwa ana haki kisheria ya kuomba picha zinazomhusu.

Lakini tusidanganyike. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa zaidi, la askari zaidi ya 2,000 mjini Washington. Kati ya waliovaa na wasiovaa hakukuonekana tofauti kubwa, si katika kutumia nguvu, si katika malalamiko.  Basi chombo peke yake hakitoshi.

Kwetu Congo tulionja jambo la karibu na hili. Mwaka 2013 mjini Kinshasa yalisimamishwa maroboti ya kuongoza magari, kazi ya mhandisi wetu Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Yalikuwa na taa, yalikula umeme wa jua, na yalikuwa na kamera. Raia wengi waliyapenda kwa sababu moja nyepesi: roboti haliombi pesa ya chai.

Mimi ninaona funzo ni hili. Kabla ya kuuliza kama polisi wetu wa roulage au askari wa bariere wavae kamera, tuulize maswali matatu. Nani anabonyeza? Nani anatunza picha? Na je, motari, au mama aliyekimbia vita na kupoteza vitambulisho vyote, anaweza kuomba aonyeshwe picha hiyo akasikilizwa? Kama jibu la swali la tatu ni hapana, kamera itakuwa jicho la mkubwa tu, na mtu aliyekimbia ana sababu nzuri ya kuogopa uso wake kuwekwa pahali asipopajua.

Kwa sasa kuna kitu kisichohitaji betri: karatasi ya malipo yenye tarehe, saa, kiasi na jina la aliyepokea. Tuidai kwa heshima, bila matusi. Daktari wa London aliokolewa na watu waliosema kwa pamoja.