Toka Bega la Mpagazi Hata Behewa: Habari za Njia ya Mizigo ya Tabora



Chama chetu Kikuu kinapotimiza miaka 10, katika kitabu hiki mtasoma habari za maghala, za mizani na za hesabu za mikutano mikuu. Sisi tuliopewa dhamana ya ukatibu tumeona inafaa tueleze habari za jambo lililo kubwa kuliko ghala na kongwe kuliko Chama, nalo ni njia. Mkulima aweza kulima vizuri, akavuna na kufunga magunia yake sawasawa. Lakini mzigo usiopata njia ni sawa na mzigo usiovunwa.

Hapo kale njia yetu ilianzia Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ambako ndiko Tabora ya leo, kisha ikaendelea hata Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Kutoka Tabora iligawanyika: matawi mengine yalishika kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, mengine kusini. Wageni wa Kizungu, Burton na Speke, walitoka pwani mwezi wa Juni 1857 wakafika hapa Novemba, yaani zaidi ya miezi minne njiani.

Katika njia ile chombo cha kuchukulia mizigo kilikuwa bega la mtu. Mpagazi mmoja alichukua yapata frasila 2, nazo ni ratili 70, au kilo 32 hivi. Wazee wetu Wanyamwezi walikuwa mashuhuri kwa kazi hiyo, lakini tusidhani kuwa walikuwa watu wa kukodiwa tu. Walikuwa na misafara yao wenyewe, wakapeleka pembe za ndovu pwani hata kabla wafanya biashara wa pwani hawajakaa bara. Kadhalika walieneza chumvi ya Uvinza na majembe ya chuma katika nchi nyingi. Walisafiri wakati wa kiangazi, na mvua zilipokaribia wengi walirudi kushika jembe. Kila msafara ulikuwa na kirangozi wake aliyetangulia mbele, na sheria zake. Mtu hakuondoka peke yake, maana njia ilikuwa na nyika zisizo maji, na watu wenye kudai hongo.

Hatuwezi kuficha kwamba njia hiyo hiyo ilipita watumwa. Miembe ya Tabora inayotupa kivuli leo ni ukumbusho wa biashara iliyotajirisha wachache na kuumiza wengi. Tena njia ilikuwa silaha. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, aliifunga njia ya Ujiji, na pembe zikalala. Mwaka uliofuata Livingstone alikaa Kwihara, karibu na mji wetu, kwa muda wa miezi mitano hivi, akingoja watu na vifaa alivyoahidiwa kutoka pwani. Nyumba ya Kwihara ingaliko, na kila mwanachama aliyewahi kuketi juu ya magunia yake akingoja gari ataelewa mara moja hali ya mzee yule.

Kisha likaja gari la moshi. Wadachi walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Kutoka bahari hata ziwa ni kilometa 1,250 hivi. Reli ilifuata kwa sehemu kubwa uelekeo wa njia ya misafara, ila mlango wake wa pwani haukuwa tena Bagamoyo. Mji ule ulioupokea msafara baada ya msafara ulipitwa, na biashara yake ikahamia Dar es Salaam. Yafaa tulikumbuke jambo hili: mji waweza kuwa mkubwa kwa sababu ya njia, na njia ikihama, ukubwa nao huhama.

Na tufanye hesabu kidogo. Tani moja ya mzigo ilitaka wapagazi 31. Treni moja yenye shehena ya tani 500 ingetaka wapagazi zaidi ya 15,000, na wote wale na watu wa kuwalisha njiani. Ndipo tunapoona kwa nini upagazi wa safari ndefu ulikwisha upesi. Waliozoea kuishi kwa bega walilazimika kutafuta riziki nyingine.

Vita ya kwanza ya dunia iliikuta reli ikiwa mpya. Wadachi waliporudi nyuma walivunja madaraja, na mwezi wa Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora. Baada ya vita Waingereza waliitengeneza njia, nao wakaona kuwa mizigo ya kusini mwa Ziwa Victoria ilikuwa ikivushwa kwa meli hata Kisumu, ikashika reli ya Kenya mpaka Mombasa. Basi wakajenga tawi kutoka Tabora, kupitia Bukene, Isaka na Shinyanga, likafika Mwanza mwaka 1928. Pamba ya Usukuma ikapata mlango wa pili, na Tabora ikawa njia panda.

Tawi la tatu lilitoka Kaliua hata Mpanda, likajengwa kati ya mwaka 1947 na 1950, kwa ajili ya madini ya risasi. Machimbo yale yalifungwa baadaye, lakini reli ilibaki, kwa kuwa palikuwa na watu na mazao ya kuipa kazi. Ilikuwa vingine kwa reli ya Mtwara na Nachingwea. Ile ilijengwa kwa ajili ya mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, uleule uliolima Kongwa na Urambo. Mpango ulivunjika mwaka 1951; mizigo ikawa haba, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ile ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Urambo ilinusurika kwa sababu wakulima walishika tumbaku.

Hapo ndipo penye fundisho tunalotaka wanachama walichukue nyumbani: reli hufuata mzigo. Hudumu mahali penye shehena iliyokusanywa, iliyopimwa na iliyo tayari. Mahali pasipo shehena hupita tu, au huondoka.

Nasi tuseme kweli juu yetu wenyewe. Katika miaka hii 10 uko msimu ambao vyama vya msingi kadhaa vilichelewa kuleta hesabu za mbolea. Agizo la Chama Kikuu likatoka nyuma ya wakati, na mbolea ilipofika stesheni mvua zilikwisha tangulia. Wako wanachama waliopanda bila mbolea, wakavuna nusu ya walichotazamia, na deni likabaki palepale. Kosa halikuwa la njia. Kosa lilikuwa letu, viongozi na wanachama pamoja. Kirangozi wa zamani asingeondoa msafara kabla ya kuhesabu mizigo na watu wake.

Njia yenyewe nayo imepata misukosuko. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata kati ya Kilosa na Gulwe, na mizigo mingi ikahamia kwenye malori. Sasa reli mpya, pana kuliko ile ya mita moja, inajengwa. Tangu mwaka 2024 treni za abiria zinakwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na ujenzi umeelekezwa Tabora, Isaka, Mwanza na Kigoma. Bila shaka itapitisha mizigo ya Kongo, Burundi na Rwanda. Swali letu ni kama itapitisha na ya kwetu.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuna atakayeusikia uzito wa mzigo wetu tusipoubeba wenyewe. Mkulima mwenye magunia 5 hawezi kukodi behewa. Vyama 20 vikikusanya magunia yao katika ghala moja kwa siku iliyopangwa vyaweza. Basi kila katibu wa chama cha msingi alete hesabu zake mapema, na kila mwanachama apeleke mazao yake ghalani badala ya kuyauza gizani kando ya barabara. Tukifanya hivyo, miaka 10 ijayo atakayeandika habari hizi ataandika kuwa njia ilipita Tabora, na wenyeji nao walikuwa na mzigo ndani yake.