Upuliziaji wa Polima Katika Utengenezaji wa Elektroniki za Gharama Nafuu

Elektroniki za ogani ni vifaa vinavyotumia misombo ya kaboni kupitisha umeme. Msingi wake uliwekwa mwaka 1977, ilipobainika kuwa plastiki aina ya poliasetilini ikitiwa iodini hupitisha umeme, ugunduzi uliowapatia Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000.

Silikoni huyeyuka kwa joto la nyuzi 1,414 za Selsiasi. Polima hizi huyeyushwa katika kimiminika na kuwa wino. Njia iliyozoeleka maabara ni kudondoshea wino huo juu ya kioo kinachozungushwa kwa kasi, lakini sehemu kubwa yake hurushwa pembeni na kupotea. Upuliziaji hupunguza hasara hiyo. Hewa iliyoshindiliwa, kama ile ya fundi wa rangi za magari, au mitetemo ya mawimbi ya sauti yasiyosikika, huupasua wino kuwa matone madogo mno yanayoweza kutua hata juu ya plastiki iliyopinda.

Ugumu u katika kukauka. Tone likikauka kabla ya kutua huacha unga. Likichelewa, wino hutiririka na kujikusanya kingoni. Tabaka la seli ya jua ya aina hii lina unene wa takriban nanomita 100, hivyo tundu dogo tu laweza kusababisha shoti. Aidha, klorobenzini, mojawapo ya viyeyusho vinavyotumika sana, ni sumu. Chumba cha kazi hakina budi kuwa na mfumo wa kuvuta mvuke, gharama ambayo wanaohesabu unafuu wa teknolojia hii huisahau kwa urahisi.