Jazi Bila Kistari

Mgeni akiokota santuri ya zamani iliyoandikwa Western Jazz Band atadhani ameshaelewa kila kitu: Western ni nchi za Magharibi, Jazz ni muziki wa Wamarekani weusi. Maneno yote mawili yatampoteza. Western hii ni Jimbo la Magharibi la Tanganyika, lile lililotawaliwa kutoka Tabora. Iddi Nhende, aliyeiasisi bendi hiyo Dar es Salaam mwaka 1959, alitokea Nzega, akaipa jina la kwao. Wilaya ya Mpanda ilikuwa ndani ya jimbo hilohilo, na Mwese yetu, huku juu kwenye baridi na migomba, ilikuwa ndani ya Mpanda. Kwa hiyo Western ile ni sisi.

Neno la pili ndilo linalonishughulisha leo. Jazz, au jazi kama tunavyolitamka, si muziki wa Louis Armstrong wala wa Duke Ellington. Kwa Mtanzania wa miaka ya 1960 jazi ilikuwa bendi: kundi la watu wenye magitaa, tumba, drams, tarumbeta na saksafoni, wenye kiongozi wao, wanaopigia watu muziki wa kucheza. Mtu aliweza kusema mji fulani una jazi mbili, na hakuna aliyemwelewa vibaya. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na baada yao zikafuata Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, Lake Tanganyika Jazz ya Kigoma. Ng'ambo ya ziwa, huko Kongo, mambo yalikuwa vivyo hivyo: African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz ya Franco zilipiga rumba usiku kucha, na jina halikumsumbua mtu.

Wapo wanaoona hapo tulikosea, kwamba tulichukua jina la watu tukalibandika pasipo pake. Mimi naona lugha ilifanya kazi yake. Kiswahili kilikwisha kufanya hivyo hata kabla. Neno la Kiingereza la kundi la wanamuziki, band, liliingia kwetu mara mbili. Mara ya kwanza, mwishoni mwa karne ya 19, lilishukia Lamu na Mombasa likawa beni: ngoma ya gwaride, ya mavazi ya kiaskari na vyeo vya kuigiza, yenye mashindano makali kati ya makundi ya Marini na Arinoti. Mara ya pili likaja na gitaa, likawa bendi. Asili ni moja, maneno ni mawili, na kila moja lina kazi yake. Hakuna mzee wa pwani atakayekwambia beni ni bendi. Lugha inayoweza kutenganisha hivyo haikuokota jazi kwa kutojua. Ililipokea, ikalipa kazi iliyokuwa inangoja neno.

Sasa tuvuke bahari, maana miaka hiyohiyo Waingereza nao walikuwa wanahangaika na neno hilohilo. Kwenye klabu ya Flamingo, mtaa wa Soho jijini London, Georgie Fame aliimba na kupapasa kinanda kwa watu waliotaka kucheza. Graham Bond alikuwa na kundi lililowakutanisha Jack Bruce kwenye besi na Ginger Baker kwenye drams. Mwaka 1966 wawili hao wakaungana na Eric Clapton kuunda Cream. Brian Auger alipiga kinanda, Julie Driscoll akaimba. Mwaka 1968 Jon Hiseman akaunda Colosseum. Mwaka 1969 Ian Carr, mpuliza tarumbeta, akaunda Nucleus. Mwaka 1970 Soft Machine, ambamo Robert Wyatt aliimba huku akipiga drams, wakatoa santuri mbili ndani ya jalada moja, zenye vipande vinne tu: kila upande wa santuri kipande kimoja.

Wanamuziki hao walijua jazi ya kusikilizwa watu wameketi, na walijua roki ya magitaa yenye umeme mkali. Walipozichanganya, Waingereza wakayachukua maneno yote mawili wakayaunganisha kwa kistari: jazz-rock. Kistari hicho kinasema kweli fulani: kinaonyesha kila kiungo kimetoka wapi. Ila kinaishia hapo. Hakikuambii muziki huo unachezwaje, wala ni wa kundi gani. Colosseum na Soft Machine wako chini ya jina moja, na ukiwasikiliza wawili hao utaona jina halijasema mengi.

Huku kwetu mambo yaliwekwa kwa namna nyingine, na neno lililobeba mzigo ni mtindo. Kila jazi ilikuwa na mtindo wake, na kila mtindo ulikuwa na jina: Western Jazz walipiga Saboso, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ikapiga Sululu, Jamhuri Jazz wakaja na Toyota, Tabora Jazz na Segere Matata, NUTA Jazz na Msondo, Mlimani Park na Sikinde. Kwa jina hilo moja ulipata mapigo ya tumba, namna ya kucheza, na watu wenyewe. Watangazaji walisema wana Saboso, wana Sululu, na neno hilo la wana liliwakusanya wapigaji na wapenzi wao pamoja.

Tazama nguvu ya neno hilo. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, bendi ikawa JUWATA, baadaye ikawa OTTU. Majina ya ofisi yalipokwisha, lililobaki ni la mtindo: leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park nao, tangu 1978, watu wengi huwaita Sikinde tu. Na majina haya mawili hayakubuniwa hewani. Msondo ni ngoma ya unyago. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Wapiga magitaa walichimba kwenye ngoma za bibi zao wakapata jina la kitu kipya, na jina hilo likadumu kuliko mhuri wa chama.

Ushahidi mkubwa zaidi, kwangu, ni ule wa pale muziki wa London ulipotufikia. Osibisa, kundi la Waghana na watu wa Karibi lililoundwa London mwaka 1969 na Teddy Osei, lilichanganya pembe za jazi, gitaa la roki na ngoma za Afrika Magharibi, na vijana wa Dar es Salaam wakalisikia. Patrick Balisidya na Afro 70 walikuwa upande huo. Sunburst pia, kundi la vijana wa mataifa mbalimbali waliokutana Dar es Salaam na kurekodi albamu ya Ave Africa mwaka 1976 wakiwa Zambia. Muziki wao ulikuwa na viungo vilevile ambavyo Waingereza waliviunganisha kwa kistari. Wao waliuitaje? Afro 70 wakauita Afrosa. Sunburst wakauita Kitoto. Wote waliujua mchanganyiko wenyewe vizuri sana, lakini walipotakiwa kuupa jina, waliufanya mtindo kama Saboso na Sululu. Mfumo wetu wa kutaja ulikuwa hai kiasi cha kuupokea muziki mgeni bila kubadilika.

Istilahi hizi hazikuishia kwenye majina. Ingia ndani ya wimbo mmoja. Mwanzo unakwenda taratibu. Mwimbaji anasimulia kisa, wenzake wanamwitikia. Kisha maneno yanapungua, tumba zinakaza, magitaa yanashika mwendo, waliokuwa wameketi wananyanyuka. Sehemu hiyo ina jina: chemko. Zilipotoka santuri ndogo za dakika chache kila upande, zilizochapwa Nairobi, wimbo mrefu uliweza kukatwa katikati, na chemko likakutana nawe ukigeuza upande wa pili. Neno hilo halina mwenzake kamili kwenye maelezo ya jazi ya Waingereza, ambao husifu zaidi mpigaji mmoja anapotoka mbele peke yake. Chemko ni la wote: la jukwaani na la sakafuni.

Sikiliza tena magitaa. Kuna solo, lipigalo juu na kupamba. Kuna rithimu, lishikalo mwendo. Kuna besi chini. Na katikati ya solo na rithimu kuna sekondi solo, ambalo Wakongo huliita mi-solo. Kazi yake ni kipande kifupi kinachorudiwarudiwa, kikijibu solo na kujaza mapengo ya rithimu. Ukiliondoa, msikilizaji asiyejua hataweza kutaja kilichopungua, ila miguu yake itajua. Na kila chombo kina kitenzi chake: gitaa la solo hucharazwa, besi huungurumishwa, kinanda hupapaswa, saksafoni hupulizwa. Mwandishi wa habari za dansi aliyeandika kwamba fulani aliungurumisha besi hakuwa anapamba sentensi. Alikuwa anatumia neno la kazi, kama fundi seremala anavyotofautisha kuranda na kukereza.

Mimi niliyasikia maneno haya redioni kabla sijaliona gitaa kwa macho. Mwese ni mahali pa watu wa asili nyingi: Wabende na Watongwe wenye nchi, Wanyarwanda waliokimbilia hapa katikati ya miaka ya 1960 wakitokea Kivu, na kwa jirani zetu wa Mishamo, Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Kila kaya ilikuwa na lugha yake ya jikoni. Lakini jazi, mtindo, chemko na solo yalikuwa maneno ya wote, kwa sababu yalikuja kwa Kiswahili, kupitia Radio Tanzania, yakiwa yamekamilika. Hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Istilahi iliyokubalika kwa watu kama hao, bila mwalimu wala mtihani, imepimwa kuliko nyingi zinazotungwa mezani.

Ndiyo maana nina ombi kwa wanaoandika kamusi na kwa wanaotafsiri. Anayeandika kwa Kiswahili habari za Nucleus au Colosseum aseme jazi-roki, kistari chake kikiwepo, maana kistari ni cha wenyewe na kinaeleza historia yao. Asiichukue jazi pekee akaipa maana ya London tu, kwani mwenye neno bado yupo. Kamusi nayo iandike: jazi, bendi ya muziki wa dansi yenye magitaa, ngoma na ala za kupuliza. Mtindo, mapigo na uchezaji unaotambulisha bendi moja, wenye jina lake. Chemko, sehemu ya pili ya wimbo wa dansi, yenye mwendo mkali. Sekondi solo, gitaa linalojibizana na solo kwa kipande kinachorudiwa.

Kazi hiyo haifai kungoja. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, Balisidya akafariki mwaka 2004, na waliopiga nao sasa ni wazee. Sauti zao zimehifadhiwa kwenye tepu na santuri. Maana za maneno waliyoambiana mazoezini hazikurekodiwa na mtu. Tepu itatupa mlio wa sekondi solo wakati wowote tutakapotaka. Namna mpigaji alivyojua lini aingie na lini anyamaze, na alikuwa anamwambia nini mwenzake, hiyo itatoka kinywani mwa mpigaji mwenyewe, na lazima aulizwe angali hai.