Merikebu zilizozama pwani yetu enzi za matanga

Ukitaja merikebu iliyozama, wengi huwaza tufani katikati ya bahari kuu. Pwani yetu ina habari nyingine. Vyombo vinavyojulikana zaidi viliangamia karibu na nchi kavu, hata bandarini penyewe.

Mwezi wa Aprili 1498, msafara wa Vasco da Gama ulipokuwa ukipanda kwenda Mombasa, São Rafael ilikwama kwenye fungu upande wa Tanga. Maji yalipojaa ikaelea tena. Januari 1499, wakirudi kutoka India, mabaharia walikuwa wamekufa wengi kwa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Wakaichoma moto pwani hiyo hiyo.

Habari kubwa zaidi ni ya Santo António de Tanná, merikebu ya vita yenye mizinga 42, iliyoundwa Bassein, India, kwa mbao za msaji. Waomani walipoizingira Fort Jesus mwaka 1696, Wareno wa Goa walituma msaada, na merikebu hii ikafika Mombasa na kaskazi mwezi wa Desemba. Ikateremka Msumbiji, ikarudi na kusi Septemba 1697. Hapa ndipo penye funzo la ubaharia: upepo ndio uliopanga ratiba ya vita. Waliokuwa ngomeni wakifa kwa njaa na maradhi hawakuwa na njia ya kuharakisha msimu.

Oktoba 1697 Tanná ilikuwa imefungwa mbele ya ngome. Kamba zikaachia, mkondo ukaichukua, ikagonga mwamba na kupoteza usukani. Chombo kisicho na usukani katika mlango ule mwembamba hakina ujanja. Ikazama chini ya ngome iliyokuja kuiokoa. Ngome yenyewe ilianguka Desemba 1698.

Wazamiaji waliigundua miaka ya 1960, na kati ya 1977 na 1980 ikachimbuliwa na wataalamu wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Vyombo vya kaure, mitungi na vifaa vya merikebu vililetwa juu. Jamaa zetu walioko Kitale na Bungoma wakishuka Mombasa wataviona ndani ya Fort Jesus. Makumbusho yao ya Kitale yako chini ya taasisi hiyo hiyo.

Tufani nayo haikukosa siku yake. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikazamisha merikebu za Sultani Barghash zikiwa bandarini na kung'oa mikarafuu shambani. Ni tukio la nadra, kwani vimbunga kwa kawaida hupita kusini zaidi.

Sehemu ya chini ya Tanná haikutolewa majini. Mbao zikikauka ghafla hupasuka na kuharibika, na kuzihifadhi ni kazi ya miaka mingi na fedha nyingi. Ilipimwa, ikachorwa, ikafukiwa tena kwa mchanga pale pale.