Majita, Kisiwa cha Speke

Tarehe 3 Agosti 1858, msafiri Mwingereza John Hanning Speke alisimama kilimani karibu na Mwanza akalitazama Ziwa Victoria. Upande wa kaskazini aliona nchi mbili zimeinuka juu ya maji, akaandika kuwa ni visiwa: Ukerewe na Mzita. Hiyo Mzita ndiyo Majita yetu, rasi ya Musoma Vijijini inayopakana na Ghuba ya Baumann upande wa kusini. Speke hakukanyaga huko. Macho yalikuwa yanamsumbua, na umbali ulizidi kilomita 60.

Simlaumu sana. Mlima wa Majita umesimama peke yake, na nchi inayouunganisha na bara ni tambarare ya chini, mashamba ya mihogo na mtama. Ukiwa mbali majini tambarare hiyo huzama machoni, mlima ukabaki unaelea. Mvuvi anayerudi na dagaa alfajiri huuona mlima kwanza. Nchi, miti na mapaa ya mabati huja baadaye.

Mwaka 1875 msafiri mwingine, Henry Morton Stanley, alilizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice, akaona kwamba Majita imeshikana na bara. Ukerewe ndiyo iliyomtatiza mtu. Kati yake na Kisorya, ambayo leo iko Wilaya ya Bunda, pana mlango wa maji uitwao Rugezi, mwembamba na wa kina kifupi, umejaa mafunjo. Je, nchi inayotengwa na maji ya namna hiyo ni kisiwa au ni rasi? Stanley alisema kisiwa, na ramani zikamfuata. Watu wa huko hawakulingoja jibu: Wajita walivuka wakalima Ukerewe, na mpaka leo Kijita husikika pande zote mbili za maji.

Jina nalo lina kesi yake. Wazee wengi husimulia kwamba mlima uliitwa Masita, Wajerumani wakashindwa kulitamka, ndipo ikazaliwa Majita. Simulizi tamu, lakini Speke aliandika jina hilo kwa z zaidi ya miaka 25 kabla Mjerumani hajatawala hapa. Nadhani Mjerumani anabebeshwa mzigo ambao si wake peke yake. Jina lilikwisha kupindwa midomoni mwa wapagazi na wafanyabiashara waliomwelekeza Speke.

Mjerumani ana mizigo yake mingine. Mwaka 1886 yeye na Mwingereza walivuta mstari kutoka mto Umba, pwani, hadi ufuko wa mashariki wa ziwa kwenye latitudo ya digrii moja kusini. Mwaka 1890 wakauendeleza kukatisha ziwa lenyewe. Majita ikaangukia kwa Mjerumani bila mtu wa Majita kuulizwa.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika, rasi hii ikauma. Novemba 1914 meli ya Waingereza, Sybil, ilipanda mwamba karibu na Majita, ikakwama katika ufuko wa adui. Ilikaa hapo miezi kadhaa, kila upande ukiitolea macho, mpaka Mei 1915 Waingereza walipokuja kuikwamua na kuivuta, wakairudisha vitani. Vita nyingine inayoitaja Majita kwenye vitabu vya wageni sijakutana nayo, nami naona inatosha.

Hakimu mkubwa wa kesi ya kisiwa na rasi, hata hivyo, ni maji. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili. Mwaka 2006 likashuka hadi mialo ikabaki mbali na maji. Mwaka 2020 likarudi juu, likameza fukwe na mashamba ya kando. Ndiyo maana nasita kumcheka Stanley kwa Rugezi, wala yeyote aliyepita mwaka mwingine akaapa kwamba pale ni nchi kavu. Kila mmoja alipima maji ya mwaka wake.

Kisorya leo watu wanavuka kwa pantoni: pikipiki mbele, magunia ya dagaa katikati, akina mama na vikapu vyao pembeni. Majita haihitaji pantoni. Kile alichokiandika Speke kuwa kisiwa, kutoka Musoma mjini unakifikia kwa gari, bila kuvuka ziwa.