Pesa Iko Benki, Lakini Benki Imeungua

Hebu nikuulize kitu. Kesho asubuhi jiji likianguka, mtandao upotee, benki zifungwe, wewe una pesa ngapi? Sisemi za kwa akaunti. Nasema za kushika mkononi, za kununua maji na mkate saa sita mchana.

Watu wa San Francisco, Marekani, walilazimika kujibu hilo swali Jumatano tarehe 18 Aprili 1906, alfajiri, saa kumi na moja na dakika 12. Tetemeko lenyewe lilidumu kama dakika moja hivi. Kilichomaliza mji ni moto. Mabomba ya maji yalikuwa yamepasuka chini ya ardhi, zimamoto wakabaki wameshika mipira mikavu, na moto ukala mitaa kwa siku tatu. Zaidi ya watu 3,000 walikufa. Mji ulikuwa na watu kama 400,000 na zaidi ya nusu yao wakabaki bila nyumba.

Ukisoma kuhusu hilo tetemeko utapata majengo, picha za moshi, wanajeshi barabarani. Mimi nataka tuongee kuhusu pesa, juu watu walionusurika waliamka kesho yake wakitaka kula.

Anza na benki. Sefu zao zilikuwa za chuma nene kwa hivyo nyingi hazikuungua. Shida ni kwamba zilikuwa moto kama jiko. Ukifungua kabla haijapoa, hewa inaingia na zile noti na karatasi zinashika moto papo hapo mbele yako. Ilibidi wangoje, na kungoja kwenyewe kulikuwa kwa wiki, si siku. Gavana wa California, George Pardee, akawa anatangaza sikukuu kila siku ili benki zisilazimike kisheria kufungua milango. Manze, wiki nzima nzima za sikukuu na hakuna mtu anasherehekea. Pesa yako iko, jina lako liko kwa kitabu, na huwezi kununua hata kitunguu.

Hapo ndipo anaingia A. P. Giannini. Kijana wa wahamiaji kutoka Italia, aliacha shule mapema akaingia biashara ya mboga na matunda ya jumla (sisemi kitu), na mwaka wa 1904 akafungua benki ndogo mtaa wa North Beach akaiita Bank of Italy. Moto ulipokuwa unakuja alipakia dhahabu na pesa za benki, kama dola 80,000, kwa mikokoteni ya mboga, akafunika juu na makreti ya machungwa ili wezi wasishtuke, akapeleka nyumbani kwake nje ya mji. Benki kubwa zikiwa bado zinangoja sefu zipoe, yeye alikuwa amerudi bandarini, ameweka ubao juu ya mapipa mawili, na anakopesha. Hakuuliza hati ya shamba wala barua ya mwajiri. Alikopesha kwa uso na sahihi. Ile benki ndiyo baadaye ikawa Bank of America.

Video nyingi za kuhamasisha hukomea hapo. Muziki unapanda, unaambiwa uamini ndoto zako, bonyeza hapa chini.

Mimi nauliza: uso wa nani?

Giannini alikuwa anawajua hao watu. Alikuwa amewauzia na kununua kwao tangu akiwa kijana. Alijua nani ni mchapakazi na nani ni mlevi, nani analipa deni na nani anahama usiku. Ile sahihi haikuwa na thamani yoyote kama hakujua mkono ulioiandika. Simlaumu, alifanya kitu wenzake walikataa kufanya. Lakini mkopo wake ulifuata njia ambazo urafiki na biashara zilikuwa zimeshachimba, kama maji ya mvua yanavyofuata mtaro.

Chinatown ilikuwa karibu sana na North Beach, na yote iliungua. Wachina walikuwa wanaishi chini ya sheria ya 1882 iliyozuia wafanyakazi wa Kichina kuingia Marekani, na wahamiaji wao hawakuruhusiwa kuwa raia. Baada ya moto walihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine kwa sababu wazungu waliokuwa jirani hawakuwataka, na viongozi wa mji wakaanza kupanga kuhamisha Chinatown yote iende pembeni ya mji. Haikuhama. Wafanyabiashara wa Kichina waligoma, serikali ya China ikaingilia, na landlodi waliokuwa wanakula kodi pale pamoja na watu wa mji waliotaka ushuru wa biashara wakapiga hesabu wakanyamaza. Halafu kuna kitu hakuna aliyepanga: rekodi za kuzaliwa za mji ziliungua pia. Ghafla Wachina wengi waliweza kusema walizaliwa San Francisco, na nani angebisha? Raia angeweza kuleta watoto wake kutoka China, na nafasi za "mtoto" zikaanza kuuzwa kwa watu wasio wa familia. Kama mji umekataa kukujua, unauza karatasi inayosema unajulikana.

Na bima? Wengi walikuwa na bima ya moto, si ya tetemeko. Mikataba mingi ilikuwa na kifungu kinasema nyumba ikianguka kwanza halafu iungue, hulipwi. Kwa hivyo maisha ya familia nzima yalining'inia kwa swali la dakika: ilianguka saa ngapi, iliungua saa ngapi, nani aliona? Ofisa mmoja wa jeshi aliandika kwamba aliambiwa na mzima moto kuwa watu wanachoma nyumba zao wenyewe, juu walisikia bila moto hakuna malipo. Kampuni zingine zilikataa kabisa. Zingine zililipa senti 75 kwa kila dola na kusema shukuru. Cuthbert Heath, mtu wa Lloyd's ya London, alimtumia wakala wake ujumbe kwamba awalipe wateja wote kikamilifu bila kujali masharti, na jina lake lilikua kwa sababu hiyo.

Pesa za msaada nazo zilifika, mamilioni ya dola kutoka kila kona. Zikagawanywa vipi? Kama ulikuwa na kiwanja sehemu iliyoungua na unajenga upya, ungepewa theluthi ya gharama, isizidi dola 500. Kama ulikuwa mpangaji, kulikuwa na vibanda vya mbao, 5,610 kwa jumla, vimepangwa kwa safu ndani ya bustani za mji. Kibanda unalipa dola 2 kwa mwezi mpaka zifike 50, kinakuwa chako, unakibeba kwa mkokoteni unaenda kutafuta pa kukiweka. Lipa mdogo mdogo ya 1906. Na sicheki, familia nyingi zilizokuwa hazijawahi kumiliki hata mlango zilipata nyumba kwa njia hiyo. Lakini angalia hesabu: mwenye ardhi anaongezewa, asiye na ardhi anakopeshwa.

Utasema hiyo ni zamani na ni mbali. Sawa, twende karibu. Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga eneo la Ziwa Kivu. Bukavu upande wa Kongo, Rusizi na Nyamasheke upande wa Rwanda, kuta za makanisa zikaangukia watu wakiwa kwa ibada. Rwanda wakati huo haikuwa na huduma ya kutuma pesa kwa simu, lakini ungeweza kumtumia mtu salio, kama tunavyosambaza huku. Miaka baadaye watafiti Joshua Blumenstock, Nathan Eagle na Marcel Fafchamps walichambua kumbukumbu za simu za nchi hiyo, bila majina, na wakaona siku hiyo watu kutoka mbali walianza kutuma salio kuelekea kule kulikotetemeka. Kiasi kilikuwa kidogo. Lakini kilitoka sehemu za mbali.

Hiyo sehemu inapasha moyo. Sehemu nyingine inaudhi: waliokuwa na uwezo zaidi ndio walikuwa na nafasi kubwa ya kutumiwa. Na salio lilipita hasa kati ya watu waliokuwa wameshatumiana hapo awali, wewe umenisaidia juzi, mimi leo. Miaka 102 baada ya Giannini, ni uso na sahihi tu, ila sasa uso ni namba ya simu.

Nawaza hii kitu sana kwa sababu mimi ni wa kazi za mtandaoni, mwezi mmoja nimeshiba, mwezi mwingine nakula hewa. Sina hati ya mshahara, na benki moja niliyoenda iliniangalia kama nimekuja kuomba maji. Kinga yangu ni chama ya watu tisa na shangazi wawili. Wale ambao hulalamika kwamba familia inawaomba pesa kila wiki nawaelewa, inachosha. Ila ile elfu moja unayotuma nyumbani ni bima pia, na haina kifungu kidogo cha kuuliza nyumba ilianguka kwanza au iliungua kwanza.

Mafuriko ya 2024 yalipoingia kwa ploti yetu, tulianzisha mchango. Jirani mmoja ambaye hakosi harusi wala matanga ya mtu alipata elfu 14 kabla ya jioni. Soja wa geti, aliyepoteza godoro, jiko na nguo zote, ambaye kwao ni mbali na hakuna aliyekuwa na namba ya simu ya mtu wao hata mmoja, alipata mia tatu na hamsini. Mimi nilikuwa nimetoa hamsini.