Isike, mtemi aliyekataa kutekwa

Wasikilizaji wapenzi, wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Wiki hii nazungumzia mtu ambaye hakumpisha: Mtemi Isike wa Unyanyembe.

Hapa Nangara ukimtaja Mkwawa, hata mtoto wa shule ya msingi atakusimulia habari zake. Mtaje Isike, watu watatazamana. Si haki, kwani Isike alitangulia kufa akipambana na Wajerumani haohao, miaka 5 na ushei kabla ya Mkwawa.

Isike alishika utemi mwaka 1876. Ngome yake ilikuwa jirani na Tabora, mji wa misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Ujiji kwenda pwani. Aliyeishika Tabora aliishika njia, na Wajerumani walilijua hilo. Mwaka 1890 Emin Pasha alifika huko akapandisha bendera yao. Isike hakukubali amri ya bendera ile. Mwaka 1892 walimshambulia, ngome ikawashinda.

Januari 1893 akaja Luteni Tom von Prince, yuleyule aliyeshiriki kuiteka Kalenga ya Mkwawa mwaka 1894. Safari hii ngome haikuhimili. Askari walipoingia ndani, Isike alikwenda kwenye ghala lake la baruti akalilipua, mwenyewe akiwamo.

Hakufa papo hapo. Wajerumani walimtoa akiwa mahututi, wakamnyonga.

Tujiulize: mtu anayekata roho, kitanzi cha nini? Kwa maoni yangu, walitaka ionekane kwamba mtemi ameuawa kwa hukumu ya serikali mpya. Mlipuko ule ulikuwa umewanyima hukumu hiyo, nao wakaikimbilia kabla pumzi haijakatika. Mkwawa naye alipojipiga risasi mwaka 1898, walimkata kichwa. Fuvu lake lilirudi Kalenga mwaka 1954.

Wapo watakaosema Isike alikufa bure, maana Tabora ilichukuliwa vilevile. Ni kweli, ilichukuliwa. Lakini mshindi aliyeridhika hahangaiki na mtu anayekufa. Waliomnyonga Isike walikiri kwa mikono yao kwamba utii wake hawakuupata.

Wazazi wenzangu, jioni ya leo mkiwa na watoto, baada ya Mkwawa mtajeni na Isike. Hadi wiki ijayo, kwaherini.